Kijiko Kimoja cha Puti

Siku mliyoniaga, meneja alinipa dakika tano za kusema. Nilitumia mbili. Pilau lilikuwa tayari, nyinyi mlikuwa mnatazama masufuria, na mimi mwenyewe nilikuwa nautazama mlango wa banda la rangi, maana kuna mtu alikuwa ameuacha wazi na upepo wa mchana unaingia. Sasa ni wiki ya sita tangu nistaafu. Nyumba yangu nimeshaipaka rangi yote, banda la kuku pia, na jirani ameanza kufunga geti akiniona na brashi. Kwa hiyo nimekaa kuwaandikia yale ambayo hayakuingia kwenye zile dakika tano.

Sitaandika nilivyopanda cheo. Nilipanda kama watu wengi wanavyopanda, kwa kukaa muda mrefu mahali pamoja. Nitaandika habari za kazi.

Nilifika karakana nikitokea Bahi, nina miaka kumi na tisa, nikaajiriwa kufagia. Mkuu wa banda la rangi wakati huo alikuwa Mzee Chidawali, mtu wa Chamwino, mwembamba, mwenye kikohozi kisichoisha, aliyejifunzia rangi kwenye mabehewa ya reli. Hakuwa msemaji. Wiki ya pili nilikuwa nafagia kando ya gari lililomalizwa jana yake, nikapitisha kiganja mlangoni kwa sababu lilikuwa linapendeza.

"Unatafuta nini hapo?" akauliza nyuma yangu.

Nikaogopa. "Hapa kuna kijilima, Mzee."

Alikuja, akafumba macho, akapitisha mkono wake taratibu. Kisha akamwita fundi aliyeupaka ule mlango, akamwambia aurudie. Mimi akaniambia, "Weka ufagio."

Nilidhani sasa nitashika bunduki ya rangi. Alinipa madigadi moja ya lori bovu na kipande cha msasa. Wiki tatu nilisugua madigadi ile. Nikimaliza, anaigonga kwa nyundo upande mwingine, ananipa tena. Kila jioni alinifunga kitambaa machoni nimwonyeshe kwa vidole palipobonyea. Alisema macho huridhika upesi, yakiona kitu kinang'aa basi yanaenda nyumbani. Yule fundi aliyerudia mlango hakunisalimia mpaka sikukuu ya Pasaka.

Kwa Mzee Chidawali nilijifunza mambo ya Dodoma hii ambayo hayapo kwenye makopo ya rangi, maana makopo yanatoka kwingine. Mafundi wa Tanga wanapigana na unyevu, sisi tunapigana na vumbi. Ndiyo maana nimewasumbua miaka yote mpulize rangi kati ya alfajiri na saa tatu, kabla upepo haujaamka, na mmwage maji sakafuni kwanza. Mwezi wa saba na wa nane thina ya kuyeyushia rangi inakauka hewani kabla rangi haijatua, inashuka kama unga. Mnaijua hiyo. Baadhi yenu mnaijua kwa sababu mlinibishia.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa gari la wagonjwa. Tulilipaka likatoka jeupe kama maziwa, na kabla haijakauka rangi ikaanza kujaa vishimo vidogo vidogo, kama macho ya samaki. Tukalikwangua, tukarudia, vikarudi. Watu wakaanza kusema mambo ya kurogwa. Mzee Chidawali alikaa kwenye kigoda asubuhi nzima akitazama kila mtu anafanya nini. Saa nne akaniita, akaninusisha kitambaa cha kufutia vumbi. Kilinuka nyama choma. Mwenzetu mmoja alikuwa anakitumia pia kujifuta mikono baada ya chai. Mafuta kiduchu tu, na gari zima likakataa rangi. Tangu siku ile vitambaa vya banda vinafungiwa kabatini, na ufunguo niliushika mimi mpaka juzi.

Mzee Chidawali alistaafu na kikohozi chake, na hakukaa nacho muda mrefu. Sisi sote tulipuliza rangi tukiwa tumejifunga leso puani, na mwisho wa kazi tunakunywa maziwa. Tuliamini maziwa yanaosha kifua. Nilitema mate ya rangi za kila gari lililopita hapa, siku ya bluu bluu, siku ya kijani kijani, na nilikuwa naona ndiyo kazi ilivyo.

Sasa nije kwenye habari ya ndege, maana najua ndiyo mnayoingojea, na najua imesimuliwa vibaya kantini.

Ilikuwa miaka minne kabla sijastaafu. Aliingia bandani mzee mmoja, nywele nyeupe, shati limepigwa pasi, amebeba kitu bapa kilichofungwa kwenye kitenge kama mtoto.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Nimeambiwa wewe ndiye unayejua rangi."

"Najaribu. Gari la aina gani?"

"Si gari," akasema, akafungua kitenge. Ndani mlikuwa na vipande vitatu vya bati la alumini, ukubwa wa daftari la shule. "Nataka unipakie hivi. Vizuri kadiri unavyoweza. Nitarudi Ijumaa."

Huyo alikuwa Mzee Elinami, mtu wa Kilimanjaro aliyekaa Dodoma tangu ujana. Alikuwa fundi wa ndege ndogo, zile zilizokuwa zinapeleka madaktari na dawa vijijini. Alipostaafu aliagiza vipande vya ndege ya watu wawili, vikaja kwenye makreti pamoja na kitabu cha michoro kinene kama Biblia ya mimbarini, na alikuwa anaiunga mwenyewe kwenye banda nyuma ya nyumba yake Ihumwa. Mambo hayo yote nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile nilidhani anatengeneza vibao vya duka.

Nilipaka yale mabati kama ninavyopaka boneti, yakang'aa. Ijumaa akaja, akayasifu, akatoa mfukoni tepu, akaibandika juu ya rangi, akaikandamiza kwa kidole gumba na kuivuta kwa nguvu. Rangi yote ilitoka na tepu, nzima nzima, kama ngozi ya nyoka. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Vijana walikuwa wamesimama wanatazama.

Alikunja kitenge chake. "Umewahi kupaka alumini tupu, mama?"

"Nimepaka bodi za mabasi."

"Basi likibanduka rangi, abiria wanacheka. Ungependa kujifunza?"

Nilikuwa na miaka hamsini na sita, mkuu wa banda, mtu anayeshika ufunguo wa kabati. Nikasema ndiyo. Meneja aliniruhusu niwe nakwenda Ihumwa kila Jumamosi, ruhusa aliyoitoa kwa moyo mkunjufu kwa kuwa Jumamosi hazikuwa zake.

Hivi ndivyo bati la ndege linavyoandaliwa, na nawaomba mnaosoma mnifuate, maana hata kwa gari linafaa. Kwanza unaliosha kwa sabuni na maji, unasuuza. Kisha unalikwaruza kwa sponji ngumu mpaka mng'aro wote ufe, na sponji hiyo iwe haijagusa chuma hata siku moja, maana chembe za chuma zikibaki kwenye alumini zinaanza kuila taratibu kwa chini. Hapo ndipo nilipoanza kukosea, nilitumia msasa wetu wa kila siku. Unaosha tena, unapitisha asidi dhaifu, unasuuza. Halafu unamwaga maji safi juu yake na kusimama kuyatazama. Yakitandaa kama shuka, bati ni safi. Yakijikusanya matone matone, kuna mafuta mahali, rudi mwanzo. Kuanzia hapo huligusi kwa mkono mtupu, hata kama mke wa waziri mkuu amekuja kukusalimia. Na praima, ile rangi ya kwanza ya chini, uipulize siku ile ile, nyepesi kiasi kwamba unaona kivuli cha bati chini yake.

Wepesi huo ndio ulionitesa zaidi. Maisha yangu yote nilisifiwa kwa rangi iliyoshiba. Mzee Elinami alikuwa na mzani wa jikoni, alipima kila kipande kabla sijapaka na baada ya kupaka, akaandika kwenye daftari la ujenzi. Kila kilichofanyika kwenye ndege ile kilikuwa na mstari wake humo. Nikizidisha, ananionyesha namba. Nikawa namchukia yeye na mzani wake, na Jumatatu nikifika hapa nawaambia nyinyi mnaweka rangi nyingi.

Jumamosi ya kwanza ya kupuliza praima alinikuta najifunga leso. Akaniuliza hiyo ni ya nini. Nikamweleza, na habari ya maziwa pia. Hakucheka. Alikwenda ndani akaleta barakoa ya mpira yenye vichujio viwili mashavuni, akaniambia praima hii ni sumu, asiyevaa hii hapulizi kwenye banda langu. Nilipoivaa mkewe alisema nafanana na panzi. Jioni nikiwa naosha uso nyumbani nikatema mate, yakatoka safi, hayana rangi yoyote. Nikatema tena nihakikishe. Nilisimama pale bombani nikimfikiria Mzee Chidawali kwa muda, mpaka binti yangu akaja kuuliza kama naumwa. Zile barakoa sita zilizo kabatini sasa nilizipigania Jumatatu yake. Zivaeni. Najua zina joto.

Mkewe Mzee Elinami alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na kila mtu pale Ihumwa alimwita Mwalimu, pamoja na mumewe. Rangi za ndege alichagua yeye: nyeupe, na mstari mpana wa rangi ya udongo wa Dodoma tumboni, kwa maelezo kwamba itachafuka kwa vumbi hilo hilo, bora tuanze nalo. Alituletea chai na viazi vitamu saa nne, lakini bandani alikuwa haingii. Alisimama mlangoni. Aliitazama ndege kama mtu anavyomtazama mke mwenza.

Mwaka wa pili tukafika kwenye mabawa. Nyuma ya kila bawa, karibu na ncha, kuna kipande kirefu chembamba kilichofungwa kwa bawaba, kinapanda na kushuka, na ndicho kinachoilaza ndege upande inapokata kona. Kina jina lake la kitaalamu, lakini sisi tulikiita sikio. Mzee Elinami alinieleza habari ya masikio siku aliyonikabidhi, tena mara mbili.

"Hili likining'inizwa kwenye bawaba zake," alisema, "lazima likae sawa, mbele na nyuma ziwe zimelingana. Ndiyo maana mbele humu kuna kipande cha madini ya risasi. Nyuma ikizidi uzito hata kidogo, ndege ikienda kasi, linaanza kutetemeka. Umewahi kuona bati la paa lililolegea msumari mmoja, upepo ukija?"

"Nimeona. Linapiga mpaka linang'oka."

"Basi ndivyo. Na likitoka, tumekwisha."

Nilielewa. Naandika hivyo makusudi, ili asije mtu akanitetea kwamba sikujua.

Mwezi uliofuata Mzee Elinami alisafiri kwenda Arusha wiki mbili kufuatilia karatasi za vibali. Aliniachia ufunguo wa banda nimalizie sikio la kushoto. Nilikuwa nimemwaga maji sakafuni kama kawaida. Nikalibeba kutoka kwenye meza ya kuoshea, mguu ukateleza, sikio likagonga pembe ya jiriwa iliyofungwa mezani. Halikuanguka. Liligonga tu, nikalishika. Nilipogeuza nikaona limebonyea karibu na ukingo wa nyuma, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, pembeni mwa mstari wa riveti.

Jamani, mimi miaka thelathini na zaidi nimeishi kwa kuondoa mibonyeo. Watu wanaleta magari yaliyogongana na nguzo, wanaondoka yakiwa hayana hata kumbukumbu. Mikono yangu haikuniuliza. Kwenye begi nilikuwa na kopo la puti ya kuzibia mibonyeo. Nilichanganya kiasi cha kijiko cha chai, nikaziba, nikasubiri, nikasugua, nikafumba macho nikapitisha kiganja. Hapakuwa na kitu. Nikapaka praima, nikapaka nyeupe, likatoka safi kuliko lile la kulia.

Mzee aliporudi alilishika, akaligeuza kwenye mwanga. Akapitisha mkono. "Mama Yona, hii ni kama kioo."

"Asante, Mzee," nikasema.

Kubonyeza sikio ilikuwa ajali. Ile asante ndiyo iliyokuwa kosa.

Kwenye mzani lilizidi kidogo. Akasema labda mkono wangu ulikuwa mzito siku hiyo, akaandika namba, tukaendelea na mengine. Nilikaa na jambo lile wiki tatu. Kila Jumamosi nilikwenda nimejiandaa kusema, na kila Jumamosi nilikuta sababu. Mara ana mgeni, mara amefurahi mno, mara amechoka. Nilijiambia puti yenyewe ni kijiko. Nilijiambia magari mangapi yanatembea mjini na puti ya ndoo nzima.

Jumamosi ya nne Mwalimu alileta chai, na mara hii akaingia mpaka ndani. Mumewe alikuwa nje anatafuta kamba. Akazunguka masikio mawili yaliyolazwa mezani, akaweka kiganja juu ya lile la kushoto, pale pale.

"Mama Yona, nimekubali," akasema. "Nimemwambia akimaliza saa zake za majaribio peke yake, abiria wa kwanza ni mimi. Miaka yote ametengeneza ndege za watu, mimi nipo nyumbani nangojea simu. Safari hii sitaki kungojea simu."

"Huogopi, Mwalimu?"

"Naogopa sana. Lakini kiti changu kipo nyuma ya chake, nimeshakaa nimejaribu. Kutoka pale nikigeukia kushoto naliona hili." Akalipapasa. "Nitakuwa natazama hapa tu, ili nisitazame chini."

Akamimina chai. Sikuweza kuinywa.

Mzee akaingia na kamba. Alikuwa ameamua siku hiyo apime masikio. Alipigilia misumari miwili kwenye mbao, akaning'iniza la kulia kwenye bawaba zake. Likayumba, likatulia, likakaa sawa kama meza. Akatabasamu. Akalitundika la kushoto. Likashuka nyuma, taratibu, likabaki limeinama.

Akalitoa, akazifuta bawaba, akalitundika tena. Likainama vile vile.

"Risasi yangu ya mbele nimeikata vibaya," akasema. Akachukua kipande cha risasi na tupa, akaanza kutafuta miwani. "Tutaongeza kidogo mbele, itakaa."

Na ingekaa. Hilo ndilo nililoliona pale. Ataongeza risasi, sikio litakaa sawa, ataandika kwenye daftari, na hakuna mtu duniani atakayejua. Mwalimu alikuwa bado ameshika birika.

"Mzee," nikasema, "usikate. Si risasi. Ni puti."

Akageuka. "Puti ipi?"

"Nililigonga sikio kwenye jiriwa ulipokuwa Arusha. Likabonyea. Nikaziba."

 Aliweka tupa chini polepole sana, kama mtu anayeweka yai.

"Kiasi gani?"

"Kijiko cha chai. Pungufu kidogo."

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Alifumba macho akapitisha kidole, mara mbili, tatu. "Sisikii kitu," akasema, na sauti yake ilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuisikia tena. "Sisikii kitu, Mama Yona. Unaelewa hilo ni jambo baya kiasi gani?"

 Mwalimu aliweka birika mezani akatoka, na alipopita mlangoni alishika nguzo.

Tuliikwangua rangi mimi na Mzee. Puti ilipotoka alichukua kioo cha kukuzia, akainama. Kisha akanipa mimi kioo. Kutoka kwenye tundu la riveti ya tatu, kuelekea pale palipobonyea, ulikuwepo ufa mwembamba kama unywele. Urefu wa punje ya mchele, labda mbili.

"Uzito ningeusawazisha leo, nikaenda nao," akasema. "Na huu ufa ungekuwa unaniendea humo ndani, kidogo kidogo, kila nikiruka." Akachukua ufunguo wa banda kwenye meza, ule alioniachia, akautia mfukoni. "Nenda nyumbani, mama."

Jumamosi mbili sikwenda. Hapa kazini mlisema nina malaria, nikawaacha mseme. Nilifikiri habari za kustaafu mapema. Nilifikiri pia magari yote niliyowahi kuyaziba, nikijaribu kukumbuka kama lipo nililoficha kitu ambacho mwenyewe alipaswa kukijua, na yapo mawili, na moja lilikuwa la mtu wa kanisani kwetu. Nilikwenda nikamwambia. Alikuwa ameshaliuza.

Alhamisi ya wiki ya tatu ukaja ujumbe kwenye simu: "Jumamosi uje. Ulete glavu."

Nilimkuta ameketi mbele ya daftari la ujenzi limefunguliwa kwenye ukurasa mtupu. Akanisogezea kalamu. "Andika yote. Siku, mahali, kilichotokea, ulichofanya. Jina lako kamili."

Niliandika ukurasa mzima.  Alisoma, akatia sahihi yake chini, akasema bati jipya limeagizwa na litachukua miezi mitatu, na kwamba mkia bado haujapakwa, ninakaa tu pale nangoja nini.

Mwalimu alileta chai saa nne. Alisimama mlangoni. Ilipita miezi mpaka aingie tena, na siku aliyoingia aliniuliza swali moja tu: "Kuna kingine?" Nikamwambia hakuna. Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama watoto wa darasa la saba, muda mrefu, kisha akasema, "Haya." Naamini aliniamini. Sikuwa na haki ya kuuliza.

Bati jipya likaja. Mzee akalikunja, akalifunga riveti, mimi nikaliosha, nikalikwaruza, nikamwaga maji juu yake nikasimama kuyatazama. Nikalibeba mezani nikiwa peku, sakafu ikiwa kavu. Siku ya kulitundika misumarini tulikuwa watatu. Likayumba, likatulia, likakaa sawa. Hakuna aliyeshangilia. Mzee alishusha pumzi, akasema tunywe chai kabla haijapoa.

Mkaguzi aliyetumwa na serikali alikuja mwaka uliofuata, kijana mwenye tochi na maswali. Alisoma daftari mstari kwa mstari tangu asubuhi. Alipofika kwenye ukurasa wangu akauliza, "Dorika Ndahani ni nani?" Nikajitokeza, nikidhani sasa ndiyo mwisho. Alinipeleka kwenye ndege, akanitaka nimwonyeshe kipande kwa kipande nilichopaka na nilivyokipaka. Saa nzima na nusu. Akagonga huku, akamulika kule. Mwisho akarudi kwa Mzee, akasema madaftari mengi anayosoma hayana kosa hata moja, na hayo ndiyo humchukua wiki. Hili amelimaliza kwa siku moja. Mengine aliyoyasema yalikuwa ya karatasi.

Mzee Elinami aliirusha peke yake kutoka kiwanja kidogo cha vumbi nje ya mji, asubuhi kabla ya upepo, na mimi sikuona ilivyopaa kwa sababu nilikuwa nimefumba macho. Niliyafumbua nikaiona juu, nyeupe, inakata kona taratibu. Mwalimu alikuwa amenishika mkono wa juu kwa nguvu, alama za vidole zilikaa siku mbili. Mzee alipomaliza saa zake zote za majaribio alimpandisha Mwalimu kama alivyoahidi. Aliposhuka nilimuuliza kama alitazama sikio.

"Nilisahau," akasema. "Nilikuwa natazama Chamwino."

Mimi niliahidiwa zamu yangu nikistaafu, na wiki mbili baada ya kuniaga nikapelekwa. Tulikwenda mpaka Bahi. Mwaka huu mvua imekuwa nzuri, mbuga imejaa maji, majaruba yanang'aa mraba mraba, ng'ombe wadogo kama punje. Niliona nyumba ya dada yangu, na dada yangu mwenyewe uwanjani, au mtu mwingine aliyepunga mkono kwa nguvu namna ile. Mzee alishuka chini chini juu ya maji nione ndege wa porini wakiruka. Nilicheka peke yangu kwenye vile visikizio vya masikioni, naye akanisikia akacheka. Nimepaka rangi vitu vingi vya kwenda, na sikuwahi kukaa ndani ya kimoja nikiwa sina haraka ya kufika.

Tulipotua, watu walikuja kupiga picha. Nikashuka, nikazunguka mbele ya bawa, nikaona ukingo wote umejaa wadudu wa majarubani, wamepondeka, kijani na manjano, mstari mzima kutoka tumboni mpaka nchani. Jua lilikuwa limeshaanza kuwaka. Nikaomba maji, sabuni na kitambaa laini.

"Mama Yona," Mzee Elinami akasema, "umestaafu. Njoo upigwe picha, nitaosha mimi kesho."

"Kesho watakuwa wamekauka, hawatoki bila kukwaruza," nikamwambia, na nikakunja mikono ya gauni. "Nishikie ndoo."

Akanishikia ndoo.